Punje Thelathini

Dukani kwa Nuruana, nyuma ya soko la Mbuyuni,
nyanya zote za ukutani ni nzuri.
Zimepigwa picha zikiwa zimenawa uso,
hakuna yenye kovu, hakuna yenye ufa begani.
Nimesimama mbele ya pakiti
kama mtu anayemchagulia mwanawe mchumba
kwa picha za studio.

Hii chotara, ananiambia, inapanda kamba,
utachuma miezi mitatu mpaka uchoke wewe.
Hii fupi, haitaki mti wa kuegemea.
Hii ganda lake gumu: ipakie lori Jumatatu,
Jumatano iko Dar es Salaam, haina hata mkunjo.

Dada, namwambia, nyanya zangu hazisafiri.
Toka bustanini hadi sufuriani ni hatua kumi na nne,
na mbili za mwisho ni ngazi.

Nina viroba sita, ndoo mbili zilizotoboka,
na kipande cha ardhi pale Pasua, kati ya karo na ukuta,
kinachoonja jua kuanzia saa nne.
Nina kantangaze anayenijua kwa jina.
Nina masika yanayokuja na bakajani mfukoni:
mwaka jana nilikwenda kanisani nimeacha majani mabichi,
nikarudi yameungua kama yaliyopigwa pasi.

Zilikuwa mbegu za mama mkwe, Ndeonasia wa Kibosho.
Huzikamua juu ya gazeti, huzianika dirishani,
akanipa zangu kwenye mkebe wa dawa ya viatu
pamoja na majivu kidogo
na maneno asiyoyatamka mbele yangu.
Nyanya zenye mikunjo kama mfuko wa sarafu,
zinapasuka mvua ikizitazama tu,
lakini moja inatosha chungu cha maharage
na jirani anauliza umetia nini.

Chotara haiwekwi mbegu, Nuruana ananionya.
Ukizikamua ukapanda, watoto hawafanani na mama.
Mmoja atafuata babu, mwingine bibi,
mwingine hatujui katoka wapi.

Nikacheka peke yangu.
Mimi Mpare wa Usangi, mume wangu Mchaga.
Siku Namsifu alipozaliwa
mama mkwe alimgeuza kwenye mwanga wa dirisha,
akamtafuta mtu usoni mwake, akamkosa,
akanirudishia mikononi.
Sasa ana miaka kumi na mmoja, pua ya babu yangu
na mwendo wa bibi yake yule yule.

Pakiti nzima ni bei ya viatu vya shule.
Naomba punje thelathini.
Ananihesabia kwa ncha ya kalamu, juu ya karatasi,
kama nilivyowahesabia wagonjwa vidonge pale Mawenzi,
tatu tatu, mdomo umefungwa, hesabu isinipotee.
Zimepakwa dawa ya buluu. Thelathini na moja.
Ile moja, anasema, ya panya.

Masika yakaja. Bakajani likapita,
likagusa za jirani, likagusa ndoo mbili
nilizokuwa nimempandia mama mkwe kwa heshima.
Viroba vikasimama.
Nikajaza beseni. Nikaazima beseni.

Alikuja Jumamosi. Akaipasua moja kwa kidole gumba,
akalamba, akatia chumvi, akalamba tena.
"Nzuri," akasema. "Ila haina habari."

Sikubishana. Ni kweli,
na ni kweli pia kwamba sufuria ilikuwa imejaa
na alikula sahani mbili.

Usiku, vyombo vimeshaoshwa, namkuta Namsifu jikoni
anakamua moja juu ya daftari la hisabati.
Hizo hazifai, namwambia, hazitafanana na hizi.
Ananitazama na pua ile.
"Najua, mama. Nataka kuona atatoka nani."

Mkebe ulikuwa juu ya kabati.
Nimeuteremsha.
Majivu atatia mwenyewe.